Programu Unayoijenga Mwenyewe: Uiite Jina Gani na Uiweke Wapi

Kwenye kompyuta za Linux ninazoitwa kuziangalia hapa Tanga, kuanzia maabara za shule hadi ofisi za mawakala wa forodha karibu na bandari, kuna tatizo moja linalojirudia kuliko mengine. Mtu ameshusha msimbo wa programu, ameandika `./configure`, `make`, kisha `sudo make install`, kazi imekubali, ameondoka. Miezi inapita. Fundi mwingine anakuja anakuta programu mbili zenye jina moja, hajui ipi ni ya mfumo na ipi imeongezwa, na akitaka kuiondoa ile ya kuongezwa hajui mafaili yake yamesambaa wapi.

Jina na mahali huamuliwa kabla ya kujenga. Ukisubiri mpaka `make` imalize, umechelewa, kwa sababu programu nyingi huandikiwa ndani yake njia ya folda zitakamokaa. Kuihamisha baadaye kwa `mv` ni kuiacha ikitafuta mafaili yake mahali ambapo hayapo.

Amri za mwongozo huu nimeziandikia Debian na Ubuntu. Kwa mazoezi tutatumia GNU Hello, programu ndogo iliyotengenezwa makusudi kuonyesha ujenzi wa namna hii. Faili lake ni dogo, bando halitaumia. Kompaila na vifaa vyake unavipata kwa `sudo apt install build-essential`.

## Ijue kwanza ramani ya folda

Mgawanyo wa folda za Linux una kanuni iliyoandikwa, inayoitwa FHS. Toleo lake la kwanza lilitoka Februari 1994 kwa jina la FSSTND, na toleo la 3.0 lilitoka 2015. Kwa mtu anayejenga programu, sehemu nne zinatosha.

`/usr` ni mali ya mfumo. Humo `apt` ndiye mwenye nyumba, na chochote utakachoweka kwa mkono kinaweza kufunikwa siku ya kusasisha, au kikafunika kitu ambacho mfumo unakitegemea. Usiandike `--prefix=/usr` (`--prefix` ni chaguo la `configure` linalotaja folda mama ya programu) kwenye kompyuta ya kazi, hata kama maelekezo uliyoyasoma mahali yanasema hivyo.

`/usr/local` ni yako wewe msimamizi wa kompyuta. Kanuni za Debian zinakataza pakeji zake kuweka mafaili humo. Ndiyo folda ambayo `configure` huichagua yenyewe usipoiambia kitu, na CMake na Meson, vifaa vingine vya kujengea programu, hufanya vivyo hivyo.

`/opt` ni ya programu za nyongeza, kila moja na folda yake. Na `~/.local` ni ya mtumiaji mmoja ambaye hana ruhusa ya `sudo`. Kwenye Ubuntu, `~/.local/bin` huingia yenyewe kwenye PATH (orodha ya folda ambamo sheli hutafuta programu) ukitoka na kuingia tena, mradi folda hiyo ipo.

Ndani ya folda mama yoyote utakayochagua, mpangilio ni ule ule. Programu za kila mtu zinakaa `bin`, za msimamizi `sbin`, maktaba za programu `lib`, miongozo na tafsiri `share`. Kuna na `libexec`, kwa programu ndogo ambazo mtu haziandiki kwenye terminali bali huitwa na programu nyingine.

Folda inayowachanganya wengi ni `etc`. Ukijenga kwa `--prefix=/usr/local`, programu itasoma mipangilio yake kutoka `/usr/local/etc`, siyo `/etc`. Nimeona mtu akihariri faili ndani ya `/etc` asubuhi nzima, anawasha upya huduma, hakuna kinachobadilika, naye ameshaanza kuilaumu programu. Ukitaka mipangilio ikae `/etc`, sema wazi wakati wa kujenga: `--sysconfdir=/etc`. Data zinazobadilika nazo zina chaguo lake, `--localstatedir=/var`.

## Wapi hasa?

Ushauri wangu kwa anayetunza kompyuta chache ni huu: kila programu unayoijenga ipe folda yake ndani ya `/opt`, yenye jina na toleo, kama `/opt/hello-2.12.1`. Halafu ndani ya `/usr/local/bin` weka kiungo tu kinachoelekeza kwenye programu hiyo.

Watu wa Tanga wana msemo wao, waja leo waondoka leo. Programu uliyoijenga kwa mkono inatakiwa iweze kuondoka hivyo: folda moja inafutwa, kiungo kimoja kinafutwa, basi. Ukimwaga mafaili ya programu kadhaa pamoja ndani ya `/usr/local`, kuiondoa moja kunageuka kazi ya kuchambua.

Usitumie folda yenye nafasi kwenye jina lake, iwe ya kujengea au ya kusakinishia. `configure` hukataa kabisa kufanya kazi ndani ya folda kama `Kazi Zangu`, na Makefile nyingi huikata njia hiyo vipande viwili.

## Jina

Kanuni za POSIX, za mifumo ya aina ya Unix, zinashauri jina la programu liwe na herufi 2 hadi 9, herufi ndogo na tarakimu peke yake. Wengi siku hizi wanazidisha urefu na kuongeza kistari, na hakuna ubaya. La herufi ndogo ndilo la kushika. Mac na Windows, kwa mpangilio wao wa kawaida, hazitofautishi herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya mafaili. Zamani maktaba moja ya Perl ilisakinisha programu iitwayo `HEAD`, na kwenye Mac ikaifunika `head` ya mfumo, ambayo skripti nyingi zinaitegemea.

Kabla ya kuamua jina, uliza kama lina mwenyewe:

    type -a jina
    apt-file search bin/jina

Amri ya kwanza inaonyesha kilichopo kwenye kompyuta yako sasa. Ya pili (isakinishe kwanza `apt-file`, kisha `sudo apt-file update`) inatafuta ndani ya pakeji zote za Debian, hata zile usizokuwa nazo. Usiite programu yako `test`. Sheli ina `test` yake ya ndani, hivyo utaandika jina, hutaona kitu, na utadhani programu yako haifanyi kazi.

Migongano ya majina imewapata hata wakubwa. Debian ilikuwa na programu ya redio za ridhaa (amateur radio) iitwayo `node`, Node.js ilipokuja ikitaka jina hilo hilo, suala lilifika kwenye kamati ya ufundi ya Debian mwaka 2012, na kwa miaka kadhaa watumiaji wa Debian waliandika `nodejs` wakati wengine wote wanaandika `node`. Mpaka leo `fd` kwenye Debian inaitwa `fdfind`, na `bat` inaitwa `batcat`, kwa sababu majina yale mafupi yalishachukuliwa.

Kwa skripti za ofisi, nawashauri watu watumie Kiswahili bila kusita. `nakala-usiku`, `funga-hesabu`, `hesabu-mwezi`: karani anaelewa, na uwezekano wa kugongana na programu ya kutoka nje ni mdogo sana. Usiweke `.sh` mwishoni. Kanuni za Debian zinasema hivyo kwa programu zilizo kwenye PATH, na sababu ni ya msingi: siku ukiiandika upya kwa Python, jina linabaki lile lile na hakuna anayelazimika kujifunza amri mpya.

## Kubadilisha jina wakati wa kujenga

Programu zinazotumia `configure` ya GNU zina chaguo tatu za jina. `--program-prefix=tg-` inaongeza mwanzoni, utapata `tg-hello`. `--program-suffix=-2.12` inaongeza mwishoni, utapata `hello-2.12`. Na `--program-transform-name` inapokea kanuni ya `sed`, kwa hiyo hii:

    ./configure --program-transform-name='s/hello/salamu/'

itakupa programu iitwayo `salamu`, na ukurasa wake wa mwongozo utasomeka kwa `man salamu`.

Desturi hii utaiona sehemu nyingi. Watumiaji wa Mac wakisakinisha vifaa vya GNU kupitia Homebrew hupata `gls` na `gdate`, ili `ls` na `date` za Apple zisiguswe. Kwenye FreeBSD, `make` ya GNU inaitwa `gmake`. Na kompaila inayojenga programu za kompyuta ya aina nyingine hubeba aina hiyo mwanzoni mwa jina, kama `aarch64-linux-gnu-gcc`, ambayo utakutana nayo ukianza kujengea Raspberry Pi kutoka kwenye kompyuta ya kawaida.

Hapa pana mtego. Chaguo hizi zinabadilisha jina la programu na la ukurasa wa mwongozo tu. Mafaili ya tafsiri, ya `info`, maktaba na folda za `share` yanabaki na majina yake ya asili. Ukisakinisha matoleo mawili ndani ya `/usr/local`, moja `hello-2.10` na jingine `hello-2.12`, programu zitakuwa mbili lakini `share/info/hello.info` itakuwa moja, ya yule aliyesakinishwa mwisho. Kwa hiyo kubadilisha jina hakuwezi kuchukua nafasi ya kutenganisha folda. Matoleo mawili yanahitaji folda mama mbili.

Mtego wa pili: zipo programu zinazojitambua kwa jina zinaloitiwa. `busybox` ni faili moja linalofanya kazi ya `ls` likiitwa `ls` na kazi ya `cp` likiitwa `cp`. Ukilipa jina la kubuni, halitajua likufanyie nini.

## Sasa tujenge

Fungua faili, ingia ndani, usome chaguo kabla ya kitu chochote:

    tar xf hello-2.12.1.tar.gz
    cd hello-2.12.1
    ./configure --help | less

Halafu:

    umask 022
    ./configure --prefix=/opt/hello-2.12.1
    make
    make DESTDIR=$HOME/mzigo install

Mstari wa mwisho ndio ninaoomba uuzoee. `DESTDIR` haibadilishi makao ya programu. Inayapeleka mafaili kwanza mahali pa muda, na utayakuta `~/mzigo/opt/hello-2.12.1/bin/hello` na wenzake. Hujaandika `sudo`, hujagusa mfumo. Pitia kwa `find ~/mzigo -type f` uone kila faili litakalowekwa. Ukikuta kitu kinataka kwenda nje ya `/opt/hello-2.12.1`, umekijua kabla hakijaharibu.

Ukitaka kuhakikisha kwamba makao yameandikwa ndani ya programu yenyewe:

    strings ~/mzigo/opt/hello-2.12.1/bin/hello | grep /opt

Utaona njia ya folda ya tafsiri, `/opt/hello-2.12.1/share/locale`, imeandikwa ndani, bila neno `mzigo`. Hiyo ndiyo tofauti ya `--prefix` na `DESTDIR`: ya kwanza ni anwani ya kudumu, ya pili ni pa kupakulia.

Umeme ukikatika katikati ya `make`, ukirudi unaweza kuendelea ulipoishia, lakini futa kwanza mafaili yaliyobaki matupu kwa `find . -name '*.o' -size 0 -delete`. Ukiwa na mashaka, `make clean` na uanze upya.

Ukiridhika na ulichokiona, sakinisha na uweke kiungo:

    sudo make install
    sudo ln -s /opt/hello-2.12.1/bin/hello /usr/local/bin/hello
    ./config.status --config | sudo tee /opt/hello-2.12.1/JENGO.txt

Mstari wa tatu unahifadhi chaguo ulizojengea ndani ya folda ya programu yenyewe. Fundi atakayekuja baada yako hatakisia.

Kwa CMake, njia ni `cmake -B jenga -DCMAKE_INSTALL_PREFIX=/opt/jina-toleo`, kisha `cmake --build jenga` na `sudo cmake --install jenga`. Kwa Meson ni `meson setup jenga --prefix=/opt/jina-toleo`. Cargo ya Rust huweka programu `~/.cargo/bin`, na Go huweka `~/go/bin`, isipokuwa ukiiambia vingine kwa `--root` kwa Cargo au `GOBIN` kwa Go.

## Python peke yake

Python inastahili sehemu yake kwa sababu ndiyo inayoumiza zaidi. Kwenye ofisi moja isiyo mbali na bandari, dada wa kaunta aliniambia, "Kaka fundi, jana ilikuwa inatoa ripoti vizuri tu." Skripti ya ripoti ilikuwa inasema haioni `openpyxl`, na `apt` inasema `python3-openpyxl` ipo. Niliandika `type -a python3`:

    python3 is /usr/local/bin/python3
    python3 is /usr/bin/python3
    python3 is /bin/python3

Mbili za chini ni kitu kimoja, kwani `/bin` siku hizi ni kiungo cha `/usr/bin`. Ya juu ndiyo mgeni. Mtu alijenga Python mpya kwa `make install`, ikaweka `python3` ndani ya `/usr/local/bin`, folda inayosomwa kabla ya `/usr/bin`. Skripti iliyoanza na `#!/usr/bin/env python3` ikaanza kutumia Python mpya, na Python mpya haijui moduli zilizoletwa na `apt`.

Waliotengeneza Python wameliona hili, wakaweka amri yake:

    ./configure --prefix=/opt/python-3.12
    make
    sudo make altinstall

`altinstall` inaweka majina yenye toleo tu, kama `python3.12` na `pip3.12`. Haiweki `python3`. Anayetaka toleo jipya analiita kwa jina lake kamili, na mfumo unaendelea na Python yake. Pale ofisini nilifuta `python3` na `pip3` ndani ya `/usr/local/bin`, nikaacha `python3.12`, nikaandika `hash -r` ili bash isahau njia iliyokuwa imeikariri, na ripoti ikatoka.

## Programu ipo lakini haionekani

Umeweka kiungo, `hello` inafanya kazi kwenye terminali. Usiku, kwenye ratiba ya cron, haipatikani. Cron ya Debian inaanza na PATH fupi, `/usr/bin:/bin`, na `/usr/local/bin` haimo. Andika njia kamili:

    0 2 * * * /usr/local/bin/nakala-usiku

(Hiyo ni saa 8 usiku kwa saa yetu. Cron inahesabu kuanzia usiku wa manane, na nimekuta nakala zikifanyika saa 2 asubuhi watu wako kazini kwa sababu aliyepanga aliandika 8.)

`sudo` nayo ina orodha yake ya folda, iitwayo `secure_path`. `/usr/local/bin` imo, `/opt/hello-2.12.1/bin` haimo. Ndiyo faida ya kuweka viungo badala ya kurefusha PATH ya kila mtumiaji.

## Maktaba

Ukijenga programu iliyo na maktaba zake ndani ya `/opt`, unaweza kukutana na ujumbe huu:

    error while loading shared libraries: ... cannot open shared object file

Programu ipo, maktaba ipo, ila mfumo hauangalii folda ile. Wengi hukimbilia `LD_LIBRARY_PATH`. Kwa kujaribu ni sawa, kwa kazi ya kila siku sikushauri, kwa sababu inagusa kila programu nyingine inayofunguliwa kutoka kwenye sheli ile. Bora uiandike njia ndani ya programu wakati wa kujenga:

    ./configure --prefix=/opt/jina-toleo LDFLAGS='-Wl,-rpath,/opt/jina-toleo/lib'

Kuwa mwangalifu na `/usr/local/lib`. Debian huiangalia folda hiyo kabla ya maktaba za mfumo. Ukiweka humo maktaba yenye jina sawa na ya mfumo na ukaendesha `ldconfig`, programu zote zinazoitumia zitahamia kwenye yako, hata zile ulizozipata kwa `apt`. Tukio hilo likitokea, dalili zake hujitokeza mbali kabisa na ulipogusa.

## Kupeleka kwenye kompyuta nyingine kwa flashi

Maabara yenye kompyuta kumi haihitaji kujenga mara kumi. Jenga mara moja, kwa `DESTDIR` kama tulivyofanya, kisha:

    tar -C ~/mzigo/opt --owner=root --group=root \
        -czf hello-2.12.1-debian12-amd64.tar.gz hello-2.12.1

Kwenye kompyuta nyingine:

    sudo tar -C /opt -xzf hello-2.12.1-debian12-amd64.tar.gz

Usikopi folda yenyewe moja kwa moja kwenye flashi. Flashi nyingi zina mfumo wa FAT au exFAT, ambao hauhifadhi viungo wala ruhusa za kuendesha programu. Ndani ya faili la `tar` vyote vinabaki salama. Na jina la faili litaje mfumo na aina ya kichakato, kama hapo juu.

Jenga kwenye kompyuta yenye mfumo wa zamani kuliko zote. Programu iliyojengwa Debian 12, yenye glibc (maktaba kuu ya C ya mfumo) 2.36, inaweza kukataa kufunguka Debian 11, yenye 2.31, ikilalamika kuhusu `GLIBC_2.34`. Ukijenga kwenye ya zamani, kwa kawaida mpya huipokea.

## Kuondoa, na kusafisha ya waliotangulia

Uliyoijenga kwa utaratibu huu:

    sudo rm -r /opt/hello-2.12.1
    find /usr/local/bin -xtype l

Amri ya pili inaorodhesha viungo vilivyobaki bila mwenyewe. Ukishavipitia, irudie ukiwa na `sudo` na neno `-delete` mwishoni.

Ugumu uko kwa zile zilizomwagwa ndani ya `/usr/local` na mtu aliyeondoka. Baadhi zina `make uninstall`, lakini unahitaji folda ya ujenzi iliyopangwa vile vile. Python haina kabisa. CMake huacha `install_manifest.txt` ndani ya folda ya kujengea, kama bado ipo. Kama haipo, shusha msimbo wa toleo lile lile, ujenge kwa `--prefix=/usr/local`, kisha usakinishe mahali pa muda:

    make DESTDIR=/tmp/kagua install
    cd /tmp/kagua && find . -type f -o -type l

Umepata orodha ya karibu kila faili alilolisambaza. Yafute moja moja kwenye mfumo halisi, ukiliangalia kila moja kwa `dpkg -S` kwanza. Likiwa na mwenyewe kwenye pakeji, liache.

Baada ya kupandisha mfumo toleo, tuseme kutoka Debian 11 kwenda 12, pitia `/opt` nzima:

    for f in /opt/*/bin/*; do
      ldd "$f" 2>/dev/null | grep -q 'not found' && echo "$f"
    done

Kila jina litakalotokea limepoteza maktaba ambayo lilikuwa likiitegemea, nalo linahitaji kujengwa upya kwa chaguo zilizo ndani ya `JENGO.txt` yake.